Eti "Ni Maji ya Huku"! Tuache Kuwadanganya Watoto wa Meru

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa zaidi ya wiki mbili. Wadau mlioniandikia barua pepe mkiuliza kulikoni, asanteni sana, mimi ni mzima. Kuna jambo lilinikwama kooni na kila nikikaa kuliandika sijui nianzie wapi. Leo naandika. Nitaandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi ile nilikwenda Ngarenanyuki kumzika mzee mmoja wa ukoo wa mama. Kwa msioijua njia, unatoka Arusha mjini, unashuka Usa River, unaacha lami ya Moshi na kukata kushoto kama unakwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unapita twiga na nyati, unapita maziwa ya Momella na flamingo wake, unatokea upande wa nyuma wa Mlima Meru. Watalii wanalipa dola kuiona njia hiyo. Sisi tulipita kwenye Noah, tumebanana, na maua ya msiba yako mapajani.

Baada ya mazishi nikakaa kivulini na bibi mmoja wa pale nyumbani. Akamwita mjukuu wake aniletee maji ya kunywa, maana mgeni hakai na koo kavu. Akaja mtoto wa kiume, miaka tisa hivi, kashika jagi na kikombe. Miguu yake yote miwili imepinda kuanzia magotini, inaelekea upande mmoja kama mgomba uliopigwa na upepo. Anatembea kwa kuyumba, huku anaangalia kikombe kisimwagike.

"Shikamoo kaka. Karibu maji."

Nikaitikia marahaba. Halafu nikasema, "Asante mdogo wangu, nimetoka kunywa sasa hivi."

Uongo mtupu! Kwenye begi langu kulikuwa na chupa ya maji niliyonunua Usa River, na nilikuwa nasubiri watu wageuke ninywe kwa siri. Yule mtoto akarudi ndani na kikombe chake kimejaa. Bibi aliniangalia, hakusema kitu. Nilipopata ujasiri nikamuuliza kuhusu miguu ya mtoto. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia leo kuna baridi:

"Ni maji ya huku, mjukuu wangu. Ndivyo tulivyo."

Ndugu zangu, hiyo sentensi ndiyo iliyoninyima usingizi. "Ni maji ya huku." Nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Nimeisikia kwa walimu, kwa manesi, kwa viongozi, na mimi mwenyewe nimeitumia. Wengi mnaonifahamu mnajua meno yangu. Nilipokwenda Dar kusoma niliulizwa mara ngapi kama navuta sigara! Nikawa najibu huku nacheka, "Aa, mimi mtu wa Arusha, ni maji ya huku." Watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Kwa muda mrefu nilidhani hilo ni jibu. Siku hizi naliona kama blanketi. Tumemfunika nalo mtoto ili tusimwone.

Tuanze na ukweli, maana nataka tubishane juu ya kitu tunachokijua.

Kinachozungumzwa hapa ni floraidi. Mlima Meru ni volkano, na mawe na majivu yake yana floraidi nyingi. Maji ya mvua yakizama na kupita kwenye mawe hayo yanaibeba, hasa kwa kuwa maji ya huku yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ingeikamata floraidi ikabaki chini. Mababu waliona kwamba kuna kitu. Tuna kata inaitwa Maji ya Chai. Tuna Ngarenanyuki, ambalo kwa Kimaasai ni maji mekundu. Lakini rangi ni jambo jingine. Floraidi yenyewe haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kwenye kikombe huwezi kuionja. Maji meupe kama machozi yanaweza kuwa ndiyo mabaya kuliko yote.

Sasa chukua namba. Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa mwaka 1984, linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mwaka huohuo wa 1984 Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya maji ya kaskazini mwa Tanzania, yakiwemo ya huku kwetu. Chemchemi zilikuwa na miligramu 15 hadi 63 kwa lita. Mabwawa na maziwa ya magadi yalikuwa na 60 hadi 690. Yaani chemchemi iliyokuwa na nafuu kuliko zote ilikuwa mara kumi ya kiwango! Hiyo ni 1984, wadau. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa.

Kwa hiyo asije mtu kuniambia hatukujua.

Na serikali ilijua kabla ya hapo. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi kwa maji ya vijijini. Mnajua kilikuwa ngapi? Miligramu 8 kwa lita. Sababu inaeleweka, kwamba maji yalikuwa shida nchi nzima, na ukishika kiwango kikali unafunga visima na watu wanakosa hata ya kuoga. Nakubali, mwaka 1974 huo ulikuwa uamuzi mgumu wa nchi maskini. Lakini neno "muda" lina mwisho, au? Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na ni katika muongo wa 2010 tu ndipo tulipofika kwenye 1.5 kama wenzetu. Kizazi kizima kilikunywa maji "salama kwa kiwango cha Tanzania" na kikaota meno ya kahawia na miguu ya matege huku karatasi zikisema kila kitu kiko sawa.

Kwa nini watoto ndio wanaoumia zaidi? Kwa sababu mtoto anajenga. Mtu mzima akinywa floraidi, karibu nusu inatoka na mkojo. Mtoto mdogo anabaki na sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa mifupa yake iko kwenye ujenzi na inachukua kila kinacholetwa kiwandani. Ikiletwa floraidi nyingi, na chakula kina kalsiamu kidogo, mfupa unajengwa vibaya, unakosa uimara, na uzito wa mwili wenyewe unaupinda. Ndiyo matege, ndiyo magoti yanayogongana, ndiyo ile miguu inayokwenda upande mmoja. Meno nayo ni hivyohivyo. Ngozi ngumu ya jino inaumbwa mpaka karibu umri wa miaka minane. Baada ya hapo maji hayawezi kukupaka rangi ile tena. Meno yangu yaliandikwa kabla sijajua kusoma.

Na si Ngarenanyuki peke yake. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupita nyumba kwa nyumba kijiji cha Tindigani, wilaya ya Hai, jirani tu na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Walikuta watoto waliopinda mifupa, na wakahusisha jambo hilo na floraidi. Ndege za watalii zinatua hapo kila siku.

Sasa nije kwenye jambo lililonipandisha hasira hasa.

Katika kusoma kwangu kuhusu mifupa ya watoto nilikutana na ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne. Unawapata karibu wavulana peke yao. Misuli inaisha taratibu, mtoto anaanza kuanguka ovyo, anasimama kwa kujishika mapaja, baadaye anashindwa kutembea. Dawa za steroidi, kama prednisoloni, zinapunguza kasi ya ugonjwa, zinampa mtoto miaka zaidi ya kutembea. Lakini zina ubaya wake: zinadhoofisha mifupa, mpaka pingili za mgongo zinaweza kuvunjika zenyewe bila mtoto kuanguka.

Je, madaktari walisema "ndivyo dawa ilivyo"? Hapana. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 unasema mtoto apigwe eksirei ya mgongo tangu mwanzo, na akiwa kwenye steroidi irudiwe kila mwaka mmoja au miwili. Apimwe vitamini D. Apimwe uzito wa mifupa. Aulizwe kama mgongo unauma. Wakati wote, anayempa mtoto kitu kinachogusa mifupa yake anajua anachompa, anajua kiasi gani, na anabeba jukumu la kufuatilia.

Najua si kila hospitali ya kwetu ina vifaa vya kufanya yote hayo. Hoja yangu si vifaa. Hoja yangu ni msimamo. Steroidi ni dawa, ina faida, mtoto anaihitaji, na bado inafuatiliwa kwa macho manne. Maji yenye floraidi nyingi hayana faida yoyote kwenye mifupa ya mtoto, tunampa kila siku tangu anapoachishwa ziwa, na hakuna anayejua anampa kiasi gani! Nani kaandika kipimo? Nani kamwita mtoto arudi baada ya mwaka mmoja aangaliwe magoti? Kama daktari angemwandikia mtoto dawa bila kujua ni miligramu ngapi, tungemwita muuaji na kumpeleka mahakamani. Kwenye maji tunamwita nani?

Na hilo blanketi la "ni maji ya huku" linafunika zaidi ya floraidi. Si kila mguu uliopinda ni floraidi. Upo upungufu wa vitamini D na kalsiamu, ambao una tiba yake. Na yupo mtoto anayeanguka kwa ugonjwa wa misuli kama huo niliousema, ambaye jirani wote wameshamhukumu kwamba ni maji, na hivyo hakuna anayempeleka popote. Daktari anahitaji kumwangalia mtoto na kumpiga eksirei ili ajue. Bibi na mtendaji wa kijiji hawawezi kujua kwa macho. Mtoto mwenye miguu yenye shida apelekwe hospitali, basi. Na hata mguu uliokwisha kupinda si mwisho wa dunia. Hapahapa Arusha upo upasuaji wa kunyoosha mifupa, na tangu 2008 ipo The Plaster House, nyumba ambayo watoto waliofanyiwa upasuaji wanakaa na plasta zao mpaka wapone. Watoto wa floraidi wamepita pale wakarudi makwao wamenyooka. Lakini kumnyoosha mtoto na kumrudisha kwenye bomba lilelile, hiyo ni akili kweli?

Najua majibu yanayokuja, nimeshayasikia mengi.

La kwanza: "Mbona wazee wetu wameishi miaka tisini na maji hayohayo?" Kweli, wameishi. Nenda kaangalie wanavyosimama. Angalia mzee anayegeuka mwili mzima kwa sababu shingo na mgongo vimekakamaa. Kuishi miaka mingi na maumivu si ushahidi kwamba maji ni mazuri.

La pili: "Si uchemshe tu?" Jamani! Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kijidudu. Ukichemsha, maji yanapungua kama mvuke na floraidi inabaki, kwa hiyo kila lita iliyobaki inakuwa na floraidi nyingi zaidi. Vidonge vya kutibu maji navyo haviigusi, wala ule mtungi wa kuchuja wenye mshumaa wa udongo.

La tatu, na hili huwa linatoka kwa wasomi wenzangu: "Lakini floraidi si ndiyo iko kwenye dawa ya meno?" Ndiyo, na chumvi iko kwenye mchuzi. Kunywa kikombe kizima cha chumvi basi tukuone. Halafu dawa ya meno unaitema.

La nne ndilo zito: "Serikali haina hela." Hapa nataka tukae chini tupige hesabu, kwa sababu ndipo tunapodanganywa na pia tunapojidanganya.

Kwanza tuwe wakweli, kuna kilichofanyika. Jijini Arusha uko ule mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, mkopo wake ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015. Lengo lake lilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, na sehemu ya maji yake inatoka visima vya upande wa Hai. Sitaki kuubeza. Lakini bomba la jiji ni la jiji. Bibi yule wa Ngarenanyuki hayumo kwenye ramani hiyo, na akisubiri mradi wa mabilioni umfikie, mjukuu wake atakuwa ameshaoa.

Sasa hesabu. Floraidi haiingii kwa kuoga wala kwa kufua. Maji ya kusafishwa ni ya kunywa na kupikia tu. Familia ya watu watano inatumia kama dumu moja la lita 20 kwa siku. Dumu moja! Kwa mwaka ni lita 7,300. Chukua nyumba ya kawaida ya bati, mita 8 kwa 5. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 500 tu, maana upande ule wa mlima ni mkavu. Bati hilo linapokea lita 20,000. Toa robo inayopotea, zinabaki 15,000. Ni mara mbili ya mahitaji! Na maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kiangazi kikivuta miezi sita unahitaji kama lita 3,600 zilizohifadhiwa, kwa hiyo tanki la lita 5,000 linakutosha na kubaki. Tanki moja, gata moja, mvua ya kwanza imwagwe isafishe bati, na hayo ndiyo uyachemshe. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, wadau. Haihitaji mshauri mwelekezi kutoka Ulaya.

Na pale ambapo mvua haitoshi, upo mkaa wa mifupa. Hili linanifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa hewa kidogo inageuka mkaa unaonasa floraidi, kwa sababu floraidi inaipenda mifupa, iwe ya ng'ombe au ya mtoto. Ukiweka mifupa ya ng'ombe njiani, floraidi inaishia humo kabla ya kumfikia mtoto. Mbinu hii imefanyiwa kazi Ngurdoto, kituo cha utafiti cha serikali yetu wenyewe, hatua chache tu kutoka Usa River nilikokulia! Nchini Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kuizalisha kwa ajili ya jamii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Na mwaka 2015 mhandisi wetu Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio cha maji kinachoweza kupangwa kuondoa na floraidi. Tulimpigia makofi. Picha zikasambaa. Halafu?

Shida ya vichujio ni kwamba vinachoka. Mkaa ukishajaa, maji yanaendelea kutoka meupe na matamu vilevile, na floraidi yote ndani. Usipopima hujui. Mradi unazinduliwa, wageni wanapiga picha, mwaka mmoja baadaye mkaa umejaa na hakuna mtu wa kuubadilisha. Kwa hiyo kinachokosekana ni mtu wa kupima, mwenye ratiba, anayelipwa, na anayewajibika. Ni yaleyale ya daktari na steroidi.

Basi madai yangu ni haya, na nayaelekeza kwa halmashauri za Arusha na Meru, kwa RUWASA ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya maji vijijini, na kwa wabunge wetu:

Kwanza, kila bomba la umma, kila kisima na kila shule iandikwe namba ya floraidi kwa rangi kubwa, pamoja na tarehe ya kupimwa. Ukutani, Kiswahili, kila mtu aone. Mnaweza kuandika "X" nyekundu kwenye nyumba za watu waliojenga karibu na barabara, mtashindwaje kuandika namba kwenye bomba?

Pili, dumu la kwanza ni la mtoto. Kama maji safi ni machache, yaanze shuleni na kwa nyumba zenye watoto chini ya miaka minane. Kabla ya hapo ziwa la mama lenyewe ni ngao, maana maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya.

Tatu, kliniki ya mtoto iulize swali moja zaidi: unakunywa maji ya wapi? Na nesi aangalie magoti kama anavyoangalia uzito.

Nne, magadi. Hapa nawagusa wapenzi wa makande. Yale magadi ya kulainishia mahindi na maharage yanaweza kuwa na floraidi nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kunywa maji mazuri akaila floraidi kwenye sufuria. Loweka maharage usiku kucha, uache magadi. Mama zetu waambiwe hilo waziwazi, na waambiwe kwa heshima.

Nikamaliza na sisi tunaojiita wasomi. Nilimpelekea mhariri mmoja wazo la habari hii. Akaniambia, "Hiyo ni stori ya zamani, kila mtu anajua." Sikuweza kumjibu palepale. Leo namjibu: ndiyo, kila mtu anajua, kasoro anayeinywa. Yeye ameambiwa ni asili yake. Sisi wa mjini tumeshajiokoa. Tunanunua maji ya chupa, tunaagiza galoni la ofisini, halafu Jumamosi tunapanda kwenda kijijini na chupa imefichwa kwenye begi kama mimi. Tunachangia harusi kwa kadi za VIP, kamati inakaa vikao kumi kujadili keki. Hivi ukoo mmoja hauwezi kuchangia tanki la bibi yao? Mimi na binamu zangu tumeanza, tumefika nusu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu nina aibu kwamba tumesubiri msiba ndio tuanze.

Na serikali isijifiche nyuma ya michango yetu. Tanki la ukoo si sera ya maji.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaswaga Wameru karibu 3,000 kutoka Ngarenanyuki hiyohiyo, ardhi ikapewa walowezi. Watu wale hawakusema "ndivyo tulivyo". Walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, yeye na mwanasheria Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuidai ardhi hiyo. Wakulima wa kahawa, bila simu wala intaneti, walifika New York. Wajukuu wao wana shahada na simu janja, na wameshindwa kufika kwenye ofisi ya halmashauri kuuliza: bomba la shule hii lina miligramu ngapi?

Mimi nitakwenda kuuliza. Nikipewa namba nitaiweka hapa, na nikizungushwa nitaandika hapa nilivyozungushwa, siku na tarehe. Wewe uliyeko Usa River, Oldonyo Sambu, Kikatiti, King'ori, uliza ya kwenu.

Nitarudi Ngarenanyuki kwenye arobaini ya mzee. Yule kijana ataniletea maji tena, namjua, ni mtoto aliyelelewa vizuri. Sijui nitamwambia nini safari hii.

Naomba kutoa hoja. Uwanja ni wenu, hata mnaonipinga karibuni.